Chupa Nane za Hewa ya Kisongo

Kisongo
Jumatatu, 24 Novemba 2025

Zimejaa! Chupa zote nane zimejaa, Namnyaki, na vifuniko nimevikaza hadi kidole gumba kinaniuma! Agnela amezikabidhi kwa watu wa vifurushi leo saa nne asubuhi, na karatasi yao ninayo hapa mbele yangu.

Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo lililokuwa linakunyima raha. Sasa salamu. Takwenya, mwanangu. Sisi hatujambo, ng'ombe hawajambo, kaka yako Kisioki hajambo na anakusalimia, ingawa yeye siku hizi ukimtafuta utampata shambani tu. Barua hii Agnela ataipiga picha pale steshenari kwake Levolosi akutumie, na wewe ukijibu atanichapia kama kawaida. Simu siitaki kwa mambo marefu. Simu yangu ukiongea ndani inasikika hadi zizini.

Basi ngoja nikupe ya juzi. Tuko kwenye jumuiya, wamama wakaniuliza, "Mama Kisioki, hivi huyu binti yako anasoma nini hasa huko Uswisi, mwaka wa nne huu?" Nikasimama, sikukaa. Nikawaambia: kuna barafu huko Greenland imelala tangu kabla babu wa babu zetu hajazaliwa, na ndani yake kuna viputo vya hewa ya zamani vimefungiwa. Wanaichimba inatoka ndefu na mviringo kama gogo. Mwanangu analikata gogo, anaitoa ile hewa, anapima gesi moja inaitwa methani. Anataka kujua zamani zile, viwanda havipo, magari hayapo, gesi hiyo ilitoka wapi? Vinamasini, kwenye mioto ya porini, au chini ya miamba? Na kila chanzo kina alama yake, kama ng'ombe wa kila boma anavyokuwa na alama yake sikioni. Sasa ili aijue alama ya kinamasi cha Afrika, amechagua kipi? Engusero! Hii hii ya nyuma ya boma langu, iliyokuwa ikitoa mapovu tangu mimi naolewa hapa!

Wakapiga vigelegele. Mama Sankale, unamjua, akasema, "Kwa hiyo dunia nzima haina kinamasi ila chako?" Nikamwambia, "Vipo vingi, ila havina binti."

Na wewe unanijua. Tangu niolewe sijawahi kurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu. Jirani akiniletea maziwa kwenye kibuyu, kibuyu chake kitarudi na maharage, na maharage yakikosekana kitarudi na hata ndizi mbili. Itakuwa chombo cha mwanangu?

Picha za harusi ya Kikatiti, ile ya tarehe 11 Oktoba, uliziona? Mama yako alivyong'aa! Walidhani mimi ndiye mama wa bwana harusi.

Kula vizuri. Baridi isikufanye mtu wa chai tupu.

Mama yako,
Theresia
(wengine sasa wananiita Mama Daktari, nami sikatai)


Bern
9 Januari 2026

Takwenya yako naiitikia, yeyo mama yangu: iko. Na shikamoo juu yake, maana chupa zako zinastahili nizipigie magoti.

Majibu yametoka. Unakumbuka zile nne za mwanzo, ulizokusanya mwezi wa Juni kinamasi kikiwa kimejaa? Zile zilionyesha alama nyepesi, kila chupa na yake, zikitofautiana kidogo. Hizi nane za kiangazi zimetoa alama nzito, tena nzito kwelikweli. Maana yake kinamasi chetu hakina alama moja. Kinabadilika msimu kwa msimu. Na alama hii ya kiangazi, yeyo, inafanana na ninayoiona ndani ya barafu ya miaka kama elfu kumi na moja iliyopita, wakati dunia ilipopata joto na methani ikapanda ghafla. Watu wamebishana miaka mingi ilitoka wapi. Nami sasa naweza kusema: tazameni vinamasi vya nyanda za juu za Afrika wakati wa kiangazi.

Profesa alisoma mara mbili, kisha akaja mwenyewe hadi mezani kwangu, kitu ambacho hajawahi kufanya. Sura ya nne ya tasnifu yangu yote imesimama juu ya chupa zako nane. Nitaitetea mbele ya jopo Ijumaa tarehe 27 Machi. Nikipita hapo ndio nimekuwa daktari.

Niambie basi engusero iko vipi mwezi huu. Mapovu bado yanatoka pale kwenye jiwe la kufulia? Nakumbuka baba alivyokuwa akichokoza tope kwa fimbo ili mimi niyahesabu. Aliniambia kile kipande ni changu kwa sababu ndicho pekee nyumbani kinachoongea kunizidi.

Msalimie Kisioki. Mwambie ananidai barua, au mimi namdai, nimesahau.

Wako,
Namnyaki


Kisongo
Jumapili, 18 Januari 2026

Daktari wangu,

Agnela aliponichapia barua yako nilimwambia aisome kwa sauti, na wateja wake wote wakasikia, hata yule aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa. Leo Mchungaji Ephraimu amekutangaza kanisani. Amesema "binti wa usharika wetu." Nikageuka nyuma polepole, kama nashika kitenge vizuri, ili nimwone Mama Sankale amekaaje.

Na siku tumeshaiweka. Jumamosi ya baada ya Pasaka, tarehe 11 Aprili. Sherehe itakuwa hapa nyumbani, yule dume mwekundu atachinjwa, kwaya itakuja, na wa Kikatiti wameahidi kuja na gari lao. Wewe njoo na joho lako. Nataka ulivae tangu getini.

Nina swali dogo la mtu wa darasa la saba. Huo mtihani, mtu akiwa amekosea kitu kidogo, wanamrudisha akasahihishe au wanamfukuza kabisa? Na hiyo sura ya nne ikitolewa, zinabaki sura ngapi? Nauliza tu ili nikiulizwa nijue la kujibu.

Engusero unaijua mwenyewe. Jua limekuwa kali mwaka huu. Mlima tunauona mweupe kwa vumbi tangu asubuhi.

Hivi huko maabara mkipima gesi, mnajua na mtu aliyeikusanya alikuwa na hali gani?

Mama yako,
Theresia


Kisongo
Jumapili, 8 Februari 2026

Namnyaki mwanangu,

Barua hii Agnela hajaiona. Kesho nitakwenda nayo mwenyewe hadi Posta pale Mnara wa Saa na kubandika stempu kwa mkono wangu. Wakinieleza itachukua wiki mbili au tatu nitakubali, kwa sababu wiki iliyopita ulipiga simu, ukasema "yeyo mbona umenyamaza," nikakujibu nina mafua. Sikuwa na mafua.

Zile chupa nane si za engusero.

Nimeliandika. Sasa nitakueleza yote na usiruke mstari.

Mwezi wa Agosti Kisioki alikuja akakaa hapa jikoni, akasema, "Yeyo, kila siku ni Namnyaki, Namnyaki. Mimi ndiye niliyebaki. Mimi ndiye ninayekutibia ng'ombe. Nipe na mimi kitu kimoja." Akataka kuchimba mfereji autoe maji ya engusero yateremke korongoni, pale chini apande vitunguu. Nami nilimtazama mtoto wangu wa kwanza nikaona kweli, sijawahi kusimama mbele ya watu kumtaja. Nikamwambia chimba. Baba yenu alisema kile kipande kisiguswe, nilikumbuka, na bado nikasema chimba. Sikukuuliza. Nilijiambia engusero ni kubwa, mfereji mmoja utaifanya nini.

Ilipofika Septemba matete yakawa makavu unayavunja kama kuni. Ukanitumia chupa nane. Nilikwenda pale kwenye jiwe la kufulia na ule mrija wako na ule mdomo wa faneli, nikachokoza tope kwa fimbo ya baba yako. Fimbo ikasimama peke yake. Hapakuwa na povu hata moja. Nilirudi mara sita, Namnyaki. Novemba ikaingia, na wewe ukawa unauliza "yeyo, tayari?" na chupa zako zimepangwa kabatini, tupu, zinanitazama.

Ningezirudishaje? Mimi Theresia, nimrudishie binti yangu vyombo vitupu?

Unamjua Mwalimu Philemoni, yule Mchaga mstaafu wa ng'ambo ya barabara. Ana mtambo wa gesi ya samadi, mke wake anapikia. Nilikwenda siku hayupo, nikamwambia mkewe nataka kuona jiko linavyofanya kazi. Nikazamisha chupa kwenye ndoo ya maji, nikaweka mpira wa jiko chini yake. Kule engusero chupa moja ilikuwa inanichukua asubuhi nzima. Hii ilijaa kabla sijamaliza Baba Yetu. Niliisoma kweli, Mungu anisamehe. Kidogo ya kwenye mpira niliijaribu kwa kiberiti, ikawaka bluu vilevile kama ya engusero. Nikasema gesi ni gesi. Wewe mwenyewe uliniambia methani ipo kinamasini na ipo kwa ng'ombe. Kisha nikakaa mezani nikaandika tarehe nane za uongo, moja baada ya nyingine, kwa kalamu moja.

Sikujua kuwa utaona tofauti. Nilidhani zitakwenda zitapimwa zitasema "methani" na mambo yataisha. Uliponiandikia kuwa sura nzima imesimama juu yake, nilihisi kama mtu aliyemkalisha mwanawe kwenye kiti kilichovunjika, halafu akaita wageni waje watazame.

Tarehe 27 Machi usisimame mbele ya wale watu kabla hujaisoma hii. Naomba Mungu ifike.

Sijui nisaini vipi.

Theresia


Bern
17 Februari 2026

Yeyo,

Nina haraka, samahani. Jopo limethibitisha tarehe 27. Kuna profesa atatoka nje ya nchi, mtu ambaye vitabu vyake ndivyo nilivyosomea, na ameomba hasa azungumzie sura ya nne. Kuna jarida pia linataka tuwatumie makala mapema.

Naomba vitu viwili kupitia Agnela. Kwanza, picha ya engusero, ukiwa umesimama kwenye jiwe la kufulia na chupa mkononi. Nitaiweka mwanzo kabisa ili waone ni nani aliyekusanya. Pili, niandikie tu mistari miwili kuthibitisha kuwa chupa zote zilijazwa pale pale, kwa tarehe ulizoandika. Ni utaratibu wa hapa, kila mkusanyaji anaandika.

Mistari miwili tu, yeyo. Ukishaandika, basi.

Namnyaki


Kisongo
Ijumaa, 20 Februari 2026

Namnyaki,

Hii inapita kwa Agnela, na Agnela akiisoma asome tu, simlaumu.

Picha sitapiga. Mistari miwili sitaandika. Kuna barua iko njiani kutoka Posta, ya bahasha ya kaki, ina stempu tatu. Usitume makala kokote mpaka uishike. Nenda kila siku ukaangalie sanduku. Ukiipata uisome ukiwa umekaa.

Kama mpaka tarehe 10 Machi haijafika, nitapanda hadi pale steshenari, nipige simu mbele ya watu wote na nikwambie kwa mdomo. Nimeshamwambia Agnela. Amenishika mkono akasema, "Mama Daktari, kuna nini?" Nikamwomba asiniite hivyo.

Mama


Bern
6 Machi 2026

Yeyo,

Ilifika jana. Nimeisoma nikiwa nimekaa, kama ulivyosema.

Nilitaka kukujibu jana ile ile, kwa hasira. Ningeweza kukuandikia kurasa nne kuhusu vipimo, kuhusu mabua ya mahindi wanayolishwa ng'ombe wa Mwalimu Philemoni, maana hayo mabua ndiyo yaliyoipa gesi yake alama nzito. Kiangazi hakikuhusika kabisa. Ningekuonyesha jinsi ulivyonibomolea miaka minne. Nilianza kuandika. Nikafika mstari wa tatu mkono ukakataa, kwa sababu kuna jambo ambalo wewe hulijui.

Mimi nilijua.

Sikujua habari ya samadi, lakini nilijua kuna kitu. Tarehe 7 Januari, saa nane mchana, nilipoona vipimo vya chupa ya kwanza na ya pili na ya tatu, na zote nane zikatoka sawasawa kana kwamba zimechotwa chungu kimoja. Kinamasi hakifanyi hivyo, yeyo. Zile za Juni hazikufanana hata mbili. Halafu nikatazama lebo. Chupa ya tarehe 11 Oktoba, umeandika "saa tatu asubuhi, engusero." Tarehe 11 Oktoba saa tatu asubuhi ulinitumia picha ukiwa Kikatiti harusini, umevaa shanga zako zote.

Nilifunga kompyuta nikaenda kunywa chai. Niliporudi nikaandika sura ya nne.

Ndiyo maana niliuliza mapovu bado yanatoka. Sikuwa nauliza. Nilitaka uniambie uongo mzuri ili nami nipumzike. Na ile mistari miwili niliyokuomba si utaratibu wa hapa. Hakuna utaratibu kama huo. Nilitaka karatasi yenye jina lako, ili siku mambo yakiharibika niseme "mama yangu aliniandikia." Nilikuwa tayari kukuweka wewe mbele. Hilo ndilo ninaloona aibu kuliko yote, na sitakuomba ulisahau.

Leo asubuhi nilimwendea Profesa na barua yako mkononi. Nilimfasiria yote. Hakuuliza habari zako hata kidogo. Aliniuliza, "Na wewe ulijua lini?" Nikamwambia tarehe 7 Januari. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

Tarehe 27 haipo tena. Sura ya nne imeondolewa, makala haitatumwa. Jopo litaamua kama nipewe mwaka mmoja wa kurudia, na yeye amesema ataniunga mkono, ila hatanisemea. Nitajisemea mwenyewe. Barafu haina kosa. Lile gogo nilishalikata na halirudi, lakini vipimo vyake ni vya kweli. Nilichoharibu ni kile cha kuilinganisha nacho. Nahitaji chupa za masika na za kiangazi, za kinamasi chenye maji, nikizijaza kwa mikono yangu.

Na hapo ndipo nilipolia, kwenye habari ya mfereji. Si kwa ajili ya tasnifu. Usimgombeze Kisioki. Alichosema jikoni ni kweli, na mimi miaka minne sijawahi kumwandikia hata ukurasa mmoja kumweleza ninachofanya.

Tiketi nilishaikata zamani. Nitafika Alhamisi tarehe 9 Aprili. Sina joho. Nitakuja na chupa arobaini, hata kama ni za kujaza harufu ya vitunguu.

Sherehe ivunje taratibu. Waambie nilipata mafua.

Binti yako,
Namnyaki


Kisongo
Jumapili, 22 Machi 2026

Namnyaki,

Mafua sikuwaambia. Mafua tumeyatumia sana katika nyumba hii.

Kwanza nilianza na kaka yako. Nilimfuata kwenye vitunguu, nikakaa juu ya tuta, nikamweleza yote tangu mwanzo: barafu, gogo, viputo, alama, jiwe la kufulia, jiko la Mwalimu. Aliendelea kupalilia. Nikadhani hasikii. Nilipomaliza akaniuliza, "Hiyo hewa ya ndani ya barafu ni ya mwaka gani?" Nikamwambia ya miaka elfu kumi na moja. Akasimama, akaegemea jembe. Akasema, "Na hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Mnaniambia tu yuko Ulaya anasoma. Mimi nilichimba maji ya dada yangu nikidhani nachimba tope." Nilimwomba msamaha, Namnyaki. Kwa hili la mfereji na kwa lile la kumfanya mtu wa kusalimiwa mwishoni mwa barua. Aliniambia, "Yeyo, ondoka hapo, umekalia vitunguu." Lakini sauti yake ilikuwa imelainika.

Halafu leo. Wakati wa matangazo nilinyoosha mkono. Nikasikia mtu nyuma akisema, "Mama Daktari huyo, leo kapata nini tena?" na watu wakacheka, na mimi nilistahili. Mchungaji akanipa nafasi. Nikasema: Mlipiga vigelegele kwa chupa nane. Zile chupa nilizijaza gesi ya samadi nikaandika uongo juu yake, kwa sababu niliona aibu kurudisha vyombo vitupu. Binti yangu amelisema hilo mbele ya walimu wake na hajawa daktari. Kosa lake alilisema mwenyewe, na mimi langu ndio hili.

Kisha Mama Sankale, nani mwingine, akasema kwa sauti yake ile: "Mama Kisioki! Kumbe ulimtumia mtoto wa watu mavi ya ng'ombe kwa ndege!" Namnyaki, walicheka hadi Mchungaji akageukia ukutani. Hata mimi nilicheka, na machozi yakawa yanatoka hapo hapo, sikujua ni ya lipi. Nje ya kanisa alinisubiri, nikajiandaa kwa la pili. Akanishika kiwiko akasema, "Mimi nisingeweza kusimama pale." Basi. Akaenda zake.

Mwalimu Philemoni yeye amekasirika, ila kwa sababu nyingine. Anasema kama angejua gesi yake inakwenda Uswisi angesafisha mtambo kwanza. Tangu tutoke kanisani anawasimamisha watu barabarani, "Ya kwangu imepimwa huko, imeonekana ni nzito."

Nakuomba msamaha kwa maandishi kwa sababu kwa mdomo nitaanza kujieleza. Nilipenda kuwa mama yako kuliko nilivyokupenda wewe na kazi yako. Na wewe kutaka kuniweka mbele, nimelisoma, limeniuma, nami nimeliweka pamoja na langu. Tutayatoa yote mawili ukifika, tukiwa tumekaa.

Sasa sikia. Sherehe sikuivunja. Nilipomaliza kusema kanisani, Kisioki alisimama. Kisioki, ambaye hata kwenye harusi yake alisema maneno manne! Akasema vitunguu vinang'olewa wiki ijayo kabla mvua haijakolea, na baada ya hapo anauziba mfereji, aanzie kule chini korongoni kwenda juu, na peke yake hauwezi. Yeye atalima kile kipande cha juu ambacho hakijawahi kuwa na maji. Akaniangalia mimi. Nikamalizia: dume mwekundu atachinjwa kama tulivyosema, ila watakula wakishafanya kazi. Kwaya watakuja na mabuti. Wa Kikatiti wanakuja na gari lao, na wamesema watalipakia mawe. Mama Sankale ameuliza kama sepetu zipo au aje na yake.

Mapovu hayatatoka siku hiyo, najua. Labda Juni, labda mwakani. Mvua ikishaingia tutasubiri, na wewe ndiye utakayechokoza tope, fimbo nimeitundika pale pale ilipokuwa.

Chupa zako arobaini zije tupu. Na zile zitakazokosa cha kujazwa zitarudi nawe tupu, nitakufungia mwenyewe kwa mikono yangu.

Jumamosi tarehe 11 Aprili, saa mbili asubuhi, kwenye jiwe la kufulia. Kila mtu na jembe lake. Lako lipo, Kisioki amelitia mpini mpya.

Mama yako,
Theresia